Gari Inywe Kwanza

Wiki iliyopita, kwenye gereji ya uchochoroni nyuma ya maduka ya spea ya Gerezani, fundi mmoja kijana alinifungulia kiganja chake akanionyesha kitu kilichonikalisha chini. Nilikaa juu ya tairi kuukuu lililojaa grisi, na gauni langu la kwendea kazini, wala sikujali. Kiganjani mwake kulikuwa na kikombe kidogo cha bati, kikubwa kidogo kuliko kisoda cha soda, kimeliwa na kutu mpaka unaona mwanga upande wa pili.

"Ndiyo hiki, mama," alisema. "Kilikuwa kule nyuma kabisa ya injini, ndiyo maana gari inachemsha na huoni inapovujia. Ulikuwa unatia maji ya kisima?"

"Nimeinunua kwa mtu, baba. Sijui alikuwa anatia nini."

"Basi huyo mtu alikuwa anaiua taratibu. Hii ni chumvi. Chuma hakiwezi chumvi."

Akarudi kwenye boneti, anapiga mluzi. Maneno yale niliwahi kuyasikia, karibu hivyo hivyo yalivyo, nikiwa mtoto mdogo Ilala, na kwa miaka yote hii sikuwahi kuyafikiria mpaka mwisho.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na uani mpana, na katikati ya uani palikuwa na kisima chenye mfuniko wa bati. Asubuhi yetu ilianza na mlio wa ndoo ikigonga kuta za kisima, halafu harufu ya vitumbua, halafu kikohozi cha babu akitafuta kandambili zake. Nje, ubavuni mwa baraza, ililala pikapu ya babu, ya bluu, inang'aa kuliko sisi wajukuu. Babu alikuwa anasomba mizigo ya Mangi, Mchaga mwenye duka la jumla Kariakoo, na nyumba nzima ilikula kwa pikapu ile. Bibi hakuturuhusu tusahau. Ndoo ya kwanza ya asubuhi, kabla mtu hajanawa uso, ilikuwa ya rejeta.

"Gari inywe kwanza," alikuwa anasema, "ndiyo inayotulisha."

Maji yenyewe yalikuwa ya chumvi. Kama umekulia Dar ya visima unanielewa: unasugua sabuni mpaka mkono unachoka na povu hulioni. Chai ya bibi ilijaa tangawizi na sukari, na chini ya vyote hivyo kulikuwa na chumvi kwa mbali. Nilipokunywa chai ya kwa watu nilidhani wamesahau kitu.

Basi ukafika msimu mmoja pikapu ikaanza kunywa sana. Bibi akafurahi! Anamimina jagi, linaisha, anaongeza lingine, anapiga bati la boneti kama anavyompiga mgongo mtoto aliyemaliza uji. "Leo imekunywa vizuri," anamwambia babu. Babu naye anaitikia, maana chini ya gari hapakuwa na dimbwi la kumtia wasiwasi, gia boksi tu, kule nyuma ya injini, lilikuwa na unyevunyevu. Kumbe kadiri ilivyovuja ndivyo tulivyoijaza.

Siku moja ikamzimikia babu katikati ya Kariakoo na sukari ya Mangi mgongoni, moshi mweupe unatoka kila upande, wapita njia wanakimbia. Babu alirudi nyumbani kwa miguu. Alikaa barazani na kofia mkononi, akakataa chakula, na babu yangu hakuwa mtu wa kukataa chakula. Jioni Mangi alikuja mwenyewe. Alimwamkia vizuri, akakalia kigoda, akasema kwa upole uliotutisha zaidi kuliko kama angefoka.

"Mzee wangu, mimi na wewe tumetoka mbali. Lakini mzigo wangu haujui hilo. Keshokutwa asubuhi gari isipokuwa mlangoni kwangu, nampa kazi mwingine. Usinielewe vibaya."

Bibi aliingia ndani, na kwa mara ya kwanza usiku ule hakutuimbia.

Kesho yake pikapu ilivutwa kwa kamba mpaka mbele ya nyumba, na fundi jirani yetu, mtu mwembamba aliyependa utani, akaja na boksi lake la spana. Alizunguka, akalala chini, akapanda juu, hakuona kitu. Mwisho aliazima kioo kidogo cha bibi cha kupakia wanja, akakifunga kwenye ncha ya kijiti, akakipitisha nyuma ya injini. Nilikuwa barazani napeta mchele, na nilimwona utani ukimtoka usoni.

Alimweleza babu kwamba injini inapomiminwa kiwandani kwa chuma kilichoyeyushwa hubaki na matundu, na matundu hayo huzibwa na vikombe vya bati. Kimoja kimetoboka. Na kimetoboka kile cha nyuma kabisa, kinachotazamana na ule ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya abiria. Mkono haupiti, nyundo ndiyo kabisa.

"Hapa ni kushusha injini, mzee. Wiki."

"Keshokutwa imeshakuwa kesho," babu alijibu.

Fundi akachukua tindo. Akaingia mbele, upande wa abiria, akapiga magoti pale tunapowekaga miguu, akamtazama babu. Babu akageuza uso akaangalia barabarani. Ndiyo ilikuwa ruhusa.

Lile pigo la kwanza bado ninalo masikioni. Bibi alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, mchuzi unadondoka.

"Uuuwi! Unaikata gari! Jamani anaikata!"

Mtaa mzima ukatoka. Wapangaji, muuza mkaa, mama wa jirani na povu la sabuni kichwani. Gari ambalo sisi watoto tulikuwa tukipigwa tukilishika kwa mikono yenye mafuta, mtu mzima amekaa ndani yake anatoboa ukuta kwa nyundo na tindo! Nililia. Babu hakugeuka.

Fundi alifungua dirisha la ukubwa wa sahani, akaingiza mkono mpaka begani. Kile kikombe hakikutoka kizima, kilitoka vipande kama biskuti iliyolowa. Maji ya rangi ya kutu yakamwagika ndani ya gari. Fundi akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Nani anatia maji humu?"

Nyumba nzima ilimtazama bibi.

"Mimi," alisema, na kifua mbele. "Kila asubuhi. Haijawahi kulala na kiu gari hii."

"Basi bibi, ndiyo umeiua. Chumvi imekula chuma."

Bibi yangu alikuwa na jibu la kila mtu, hata mjumbe wa nyumba kumi alimwogopa. Siku ile mwiko ulimponyoka, na mimi ndiye niliyeuokota mchangani.

Fundi alisugua tundu kwa msasa, akapaka gundi, akagongea kikombe kipya taratibu kupitia dirisha lile. Dirisha lenyewe akaliziba na mfuniko wa kopo la biskuti. Asubuhi iliyofuata pikapu ilikuwa mlangoni kwa Mangi kabla Mangi hajafungua kufuli.

Tokea hapo bibi akatoa amri mpya. Maji matamu ya bomba, yaliyokuja na mkokoteni ndani ya madumu na kupatikana kwa shida, yakawa ya gari. Dumu lake lilifungwa utepe mwekundu, na aliyeligusa alifinywa sikio. Sisi tukaendelea na kisima. Aliwahi kuja mgeni wa mpangaji kutoka Moshi, akaomba maji, akapiga funda moja akatema, na papo hapo akamwona bibi anamimina maji meupe safi kwenye rejeta. "Makubwa!" alisema yule mgeni, na sisi tukacheka mpaka tukalala chini. Jumapili tulipanda pikapu kwenda Magogoni kununua samaki, na joto la injini lilipita kwenye mfuniko wa biskuti likatuchoma nyayo, tukalipenda.

Miaka ikapita. Bibi akapatwa na presha. Daktari wa Upanga akamwambia apunguze chumvi, naye akakasirika, akasema yeye hata mchuzi anautia kidogo tu. Sote tulikuwepo, na sote tukamtetea, maana ni kweli. Hakuna aliyetaja kisima. Kiharusi kilimpiga akiwa uani, na jagi mkononi. Pikapu ilikuwa nzima kabisa, injini inaimba. Ndiyo iliyobeba jeneza lake.

Leo pale pana ghorofa la maduka ya simu, na kisima kiko chini ya zege. Mimi si daktari, siwezi kuapa ni maji. Lakini nilipokaa juu ya lile tairi Gerezani ndipo nilipoliona jambo lenyewe. Gari tulilibadilishia maji siku ile ile. Bibi tulimwacha na yale yale.

Fundi kijana alikuwa amemaliza. Alikuja na dumu la maji safi, akafungua mfuniko wa rejeta, akaanza kuinamisha.

"Ngoja," nilimwambia. "Nipe kikombe."

Alinitazama, akaniletea. Nikanywa polepole mpaka nikamaliza, na gari likasubiri.