Siku Nilipomwagiwa Mbaazi Mbele ya Mkaguzi

Chekeni tu. Mke wangu huko Kiembeni alinicheka wiki nzima, majirani wakapokea zamu, sasa hata mkicheka nyinyi sitapungukiwa na kitu. Ila mnisikilize mpaka mwisho, maana naona hadithi hii watu wanaisimulia vibaya, wanasema niliichoma nyumba ya misheni. Sikuichoma. Niliiunguza kidogo tu.

Aibu yenyewe ni hii: mimi ndiye niliyekuwa ofisa wa usalama wa moto. Ile nyumba ya zamani ya misheni huku Kisauni, yenye kuta za matumbawe na boriti za mikoko ghorofani, ilikuwa inakarabatiwa, na mimi kazi yangu ilikuwa moja, isiungue. Basi nikawa mkali jamani! Sigara nikapiga marufuku, welda akimaliza kuchomelea lazima mtu akae pale saa nzima akitazama, na kila Jumatano nikipiga kelele "Moto!" wote watoke mbio wakapange mstari chini ya mkwaju. Mama Kadzo, aliyekuwa akiwapikia mafundi mbaazi na mahamri kwenye baraza ya nyuma tangu kazi ianze, nikamtoa na jiko lake nje ya geti, juani.

"Haya mwanangu, mimi natoka," akaniambia. "Na maji ya kuzimia umeyaweka wapi?"

"Hayo niachie mimi, mama. Nimesomea."

(Nilisomea siku mbili, na ya pili tulitoka mapema.)

Sasa ikaja Jumatatu ya mkaguzi. Mkaguzi huyo akitia sahihi, kazi inaendelea; akikataa, tunafungiwa, na paa lenyewe tulikuwa tumelifunua nusu na masika yako mlangoni. Mvua ikinyesha humo ndani, boriti zilizodumu tangu enzi za babu wa babu zetu zinaoza, na mafundi wote wanarudi nyumbani. Kwa hiyo nilidamka, nikavaa ovaroli mpya, suruali nikaitundika kwenye msumari ghorofani, nikawapanga watu chini ya mkwaju na helmeti zao saa moja kabla ya wakati, ili mgeni akifika aone nidhamu.

Ndipo nikasikia mvumo. Nyuki! Kundi zima limetua kwenye kona ya dari, juu ya boriti kubwa. Fundi mkuu, Baya, akasema tumwite mrina asali kutoka Rabai, atafika alasiri. Alasiri, na mkaguzi anakuja saa nne! Nikamwambia aache, nyuki ni kitu cha moshi kidogo tu, babu yangu aliwatoa kwa makumbi ya nazi maisha yake yote (babu yangu alikuwa akiwatoa mwituni, hilo sikulikumbuka). Nikachukua karai, nikaenda getini kuomba makaa.

"Makaa ya kupeleka wapi?" akauliza Mama Kadzo.

"Ndani, mama. Dakika tano tu."

"Ndani!" Akayatoa moja moja kwa koleo huku akinitazama, na wallahi yale macho yangenitosha kama ningekuwa na akili.

Nikapanda, nikaweka makumbi, moshi ukapanda, na nyuki badala ya kuondoka wakashuka kuuliza ni nani. Wa kwanza akanidunga sikio. Nikaruka, nikalipiga teke karai, makaa yakamwagika kwenye maranda ya maseremala, ambayo kwa amri yangu mwenyewe hufagiliwa kila asubuhi, lakini asubuhi hiyo hayakufagiliwa kwa sababu wafagiaji niliwapanga mstari chini ya mkwaju. Yakashika.

Mitungi ya kuzimia moto? Imefungiwa stoo isije ikachubuliwa kabla ya mkaguzi. Ufunguo? Kwenye suruali. Suruali? Ng'ambo ya moto. Nikakimbilia ndoo nyekundu za mchanga, nilizozipaka rangi kwa mikono yangu, nikachungulia, tupu! Wapiga lipu walikuwa wameuchukua mchanga wote kwa kuwa ulichekechwa vizuri, na ndoo moja ilikuwa na malapa ya mtu. Moto ukafika mguuni pa ile boriti kubwa. Hapo nilihofia kwelikweli, nikakimbilia dirishani nikapiga ukelele, "Moto! Moto!"

Kule chini wakajinyoosha. Hakuna aliyetoka kwenye mstari.

"Tupo wote, ofisa!" Baya akajibu kwa fahari. "Hakuna aliyebaki ndani!"

Nami huku napiga moto kwa helmeti, na matusi niliyoyatoa siyarudii, na wao wanasimama wima kwa sababu ndivyo nilivyowafundisha, na gari la mkaguzi ndilo hilo linaingia getini.

Mtu pekee ambaye hakufunzwa na mimi (nilisema si mfanyakazi) ni Mama Kadzo. Alinusa. Akapanda ngazi, leso kichwani, beseni la maji ya vyombo mkononi, akalimwaga kwenye maranda, akashuka, akarudi na sufuria ya mbaazi za nazi zilizokwisha kupoa, akazimimina kwenye boriti, na zilizobaki, sijui kwa makusudi ama kwa haraka, zikanimwagikia kichwani. Moto ukazimika. Nyuki nao wakaondoka, kwa moshi wote ule wasingebaki.

Mkaguzi akatokea mlangoni na daftari.

"Ofisa wa usalama wa moto ni nani hapa?"

Baya, nyuma yake, akaninyooshea kidole. Mbaazi moja ikateleza puani.

"Karibu, madam," nikasema.

Hakutufungia. Alisema kazi iendelee kwa sharti kwamba mitungi itoke stoo, ndoo zijazwe mchanga, na Mama Kadzo arudishwe barazani na beseni lake, jina lake liandikwe kwenye ubao wa usalama, juu ya langu. Nikaandika mwenyewe. Baya akataka kuibadilisha ile boriti, mkaguzi akakataa: bado ni nzima, na katika jengo la kale kinachoweza kubaki hakiondolewi, alama nayo iachwe.

Kwa hiyo ipo, doa jeusi la ukubwa wa sinia. Mimi na moto ndani ya nyumba tumeachana, hata nyuki wanibebe mzimamzima. Lakini siku hizi wageni wanakuja kutembezwa, na mwenye kuwatembeza ni mimi, na hakuna hata mmoja asiyeuliza lile doa ni la nini. Mara ya kwanza nikawaambia ni moto wa zamani sana, wa wakati wa wamisionari.

"Charo!" Sauti ikatoka barazani. "Waambie kweli, baba. Moto huo niliuzima kwa mbaazi zangu mwezi uliopita tu."