Mtihani wa Kumpokea Mgeni

Siku hizi vijana husomea usimamizi wa hoteli miaka minne chuo kikuu, wakavaa na joho. Mimi niliusomea miezi sita pale Embu, wakati mkoloni alipotangaza Hali ya Hatari, katika nyumba ya mabati yenye meza nne. Nilijiandikisha kwa sababu moja tu: mwanafunzi alipewa kibali cha kutoka kijijini. Huko kwetu Kibugu tulikuwa tumekusanywa ndani ya ua wa miti iliyochongwa ncha, na hata kwenda shambani kulitaka ruhusa.

Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, na hakuna aliyewahi kulala hotelini. Mwalimu wetu, mama wa Kizungu, alitufundisha kutandika kitanda kwa shuka mbili. Mwenzetu mmoja aliyelelewa Majengo, kule Meru, akauliza, "Mgeni analala juu ya ile ya pili au chini yake?" Mwalimu alidhani anafanyiwa mzaha, akamtoa nje. Sisi wengine tuliobaki tulilitaka sana jibu hilo, lakini hakuna aliyethubutu kuuliza tena.

Shida kubwa ilikuwa wageni wa kufanyia mazoezi. Tulihudumiana wenyewe kwa wenyewe, lakini mtu mwenye njaa si mgeni mzuri. Supu iliyopoa anakunywa, mkate mkavu anashukuru. Kwa hiyo mtihani ulipofika, mwalimu akamwita askari wa langoni awe mgeni, akamwagiza alalamikie kila kitu.

Askari huyo alikuwa homugadi, mwenyeji aliyepewa bunduki na serikali atuchunge, mtu wa makamo mwenye koti refu, na kazi yake ilikuwa kukagua vipande vyetu, vitambulisho ambavyo asiyekuwa navyo alifungwa. Bweni lilikuwa ng'ambo ya barabara, hivyo kila asubuhi aliniuliza: jina lako nani, unatoka wapi, unaenda wapi? Jina langu alilijua kuliko shangazi yangu.

Mkaguzi alikuja kutoka Nairobi, akaketi kwenye kona na kalamu yake. Mimi nilipangiwa mapokezi. Askari aliambiwa aache bunduki jikoni, na alipoingia bila hiyo alionekana mfupi. Nikafungua daftari la wageni kama nilivyofundishwa.

"Karibu, bwana. Jina lako nani?"

"Si unanijua?"

"Ndiyo, bwana, lakini lazima niandike. Unatoka wapi?"

"Langoni."

"Na kabla ya hapo?"

Akatazama mlango wa jikoni. Nakiri nilianza kuonja utamu. "Unaelekea wapi? Utakaa siku ngapi? Naomba kipande chako."

Alipapasa mifuko yote ya koti, akarudia tena. Kipande chake alikuwa amekiacha nyumbani, kwani nani angemwuliza yeye? Jasho likamtoka. Akainama juu ya daftari, akaninong'oneza kwa Kiembu, "Kijana, usiniandike. Nina watoto."

Utamu wote ukaniishia. Alisimama mbele yangu vile vile nilivyosimama mbele yake kila asubuhi.

"Hakuna neno, bwana," nikamwambia, nikafunga daftari. "Umetoka mbali. Lete koti nikutundikie, kuna kiti pale dirishani."

Aliketi kwenye ukingo wa kiti, akala kila alicholetewa, hata viazi ambavyo mwenzetu wa Majengo alikuwa ameviunguza makusudi ili apate malalamiko. Alishukuru hata alipopewa chumvi. Mwalimu alimkodolea macho, lakini askari hakulalamika hata kidogo.

Mkaguzi alisema nimejua kumtuliza mgeni mwenye wasiwasi, akanipa alama za juu. Nikapata cheti.

Nilipokipeleka nyumbani, mama alikigeuza mbele na nyuma. "Miezi sita unafundishwa kukaribisha wageni? Kwani hapa kwangu hukuwa ukiona?"

Nikaenda kuchota maji.

Baada ya wiki mbili niliandikwa kazi kwenye hoteli moja huko Timau, kwenye baridi ya kupasua midomo. Walikisoma cheti changu kwa makini, mstari kwa mstari, kisha wakanipeleka kuosha sahani.