Mkono Uliopokea Buni

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani Dar es Salaam, na alirudi nyumbani Ihanda siku nane kabla ya safari ya posa yake. Alifika na homa. Alisema mtaani kwake watu wengi walikuwa wanaugua dengi. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu; macho yalimuuma kwa ndani, na baada ya siku chache homa ikashuka. Tukaamini amepona. Mimi, niliyefundisha Kilatini seminarini na kuzoea kusahihisha makosa ya watu, niliteuliwa kuwa msemaji wa familia.

Asubuhi ya kwenda Kimuli, kwa wazazi wa mchumba, aliniuliza mara mbili kama mama ametangulia. Mama yetu alikuwa amefariki siku nyingi. Nilimjibu kwa ukali kwamba utani wa mjini angeuacha huko huko. Kifungo cha koti kilimshinda, yeye ambaye vifungo ndiyo kazi yake; nikamfungia, huku nikimlaumu kwa kutuchelewesha. Ninaweza kuyapanga haya yote kwa mfuatano wake hadi leo, na hilo ndilo linalonitia aibu: sikukosa kuona.

Ukweni tulipokewa kwa desturi. Shangazi wa binti alipitisha kikapu kidogo cha buni zilizokaushwa, za kutafuna. Mgeni huchota kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. Mdogo wangu akachota kwa kushoto, na buni zikamwagika mkekani. Baba wa binti akasema kwa Kinyambo, bila kupandisha sauti, kwamba huenda siku hizi huko Dar es Salaam watu huzaliwa na mikono ya kushoto miwili. Waliokaa nyuma wakacheka.

Nikaona heshima ya ukoo imemwagika pamoja na zile buni. Nikamwamuru apige magoti aombe radhi.

"Kaka, mkono haunitii," alisema, ulimi mzito.

"Umelewa," nikamjibu, nami nilijua hakuwa ameonja hata funda moja la rubisi.

Shangazi akainama kuokota buni, akamtazama usoni. "Mwalimu, huyu ni mgonjwa."

Nilimwomba, kwa maneno ya adabu kamili, atuachie wanaume tumalize shughuli. Mdogo wangu akapiga magoti. Akaanza kuomba radhi, maneno yakampotea katikati ya sentensi, akaangukia ubavu, na mwili ukakakamaa na kutetemeka.

Hospitalini daktari aliuliza mkono ulianza kulegea lini.

"Sasa hivi tu," nikasema.

Shangazi, ambaye alikuwa amempakata kichwa garini njia nzima, hakunitazama. Alimwambia daktari kwamba ulikuwa umelegea tangu kwenye kikapu. Habari za kifungo na za mama nilizitoa kesho yake, baada ya kulala nazo.

Daktari alieleza kwamba dengi mara chache hufika kwenye ubongo, na huweza kufanya hivyo hata homa ikiwa imeshuka. Dawa ya kuua virusi vyenyewe haipo; kilichopo ni kumtunza mgonjwa kwa makini na kuzuia degedege. Nilimuuliza kama ule muda niliompotezea ndio uliomdhuru. Alisema hawezi kujua. Kwa miezi kadhaa nililishika jibu hilo kama hati ya kuachiwa huru, mpaka nilipokubali kwamba halikuhusu kosa langu. Nilimpigisha magoti mgonjwa aliyeniambia anaumwa.

Aliishi, na binti akakubali kuolewa naye. Wana duka la kushona Nkwenda: mke yuko kwenye cherehani, naye hupima wateja kwa mkono wa kushoto. Wa kulia huutuliza mapajani.

Nilipowatembelea juzi, aliniamkia, akaniletea buni mwenyewe, kikapu kikiyumba katika mkono ule ule wa kushoto.

"Kaka," akasema, "nipige magoti kwanza?"

Mkewe akacheka, naye akacheka. Nilichota kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama nilivyofundishwa, na sikuweza kumtazama.