Kabari Mbili za Chuma cha Plau

Nasema wazi: yule fundi mkuu nilimchukia, na mpaka leo nikimkumbuka mate yanageuka machungu. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni na mikono isiyojua spana. Karakana ya serikali pale Singida mjini aliifanya yake, utadhani kairithi kwa babu yake, na sisi mafundi wengine tulikuwa ng'ombe wa kukokota.

Mwaka ule operesheni ya kuwahamishia watu kwenye vijiji ilikuwa imepamba moto. Wakubwa walitaka gari la kuvuka mbuga wakati wa mvua, maana udongo ule mweusi ukilowa unameza mpaka ekseli. Fundi mkuu akaona dawa ni kuliinua. Akaichukua landrova ya operesheni, akaiongezea majani ya springi ya lori, na vile vyuma vinavyoshika ncha za springi akaviondoa akaweka virefu. Gari likasimama juu kama mbuni. Wakubwa wakapiga makofi.

Siku ya pili dereva alirudi jasho linamtoka. Usukani ukiukata haurudi wenyewe, na barabara ikinyooka gari linatafuta mtaro. Propela shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha ekseli, nayo ilitetemeka hadi meno yanagongana, na krosi, kile kiungo kinachoiruhusu shafti kuinama, ikakatika kabla hata mbuga haijaonekana. Wakaagiza nyingine, nayo ikakatika. Fundi mkuu akasema dereva ni mlevi.

Mimi nilichungulia chini mara moja tu nikajua. Ukiinua gari namna ile, ekseli ya mbele inabinuka. Zile nguzo fupi ambazo magurudumu hugeukia zinatakiwa ziegemee nyuma kidogo, ndizo zinazourudisha usukani. Sasa zilikuwa zimeegemea mbele. Na shafti ilikuwa inashuka mteremko mkali mno kutoka gia boksi hadi kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Dawa niliijua. Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa ajili ya mama. Mama alikuwa ng'ambo ya mbuga ile ile, upande wa Issuna, kwenye tembe aliyojengewa na baba, na kaburi la baba liko kando ya zizi. Aliniambia hakatai kuhama, serikali ni serikali, ila avune kwanza uwele wake, ambao ndiyo kwanza ulikuwa unachanua. Mvua zikinyesha hawafiki, alisema. Kwa hiyo kila krosi iliyokatika ilimpa mama siku kadhaa, nami nilifunga mdomo wiki tatu nzima.

Basi mkubwa wa operesheni akaja karakana, uso umekunjamana, akauliza mbele ya watu wote gari lake lina nini. Fundi mkuu akanigeuzia kibao mimi. Akasema springi nilifunga mimi, na kosa lake yeye ni kumwamini Mnyaturu aliyetoka kuchunga ng'ombe juzi. Watu wakacheka. Utani wa kawaida ule, ningeweza kuumeza. Sikuumeza. Kichwa kilichemka nikamwambia mkubwa, "Nipe siku mbili, mzee. Likishindwa, nifunge."

Hasira hasara. Msemo huo nimeusikia tangu utotoni, na siku ile haukunisaidia kitu.

Nikafanya kazi. Uzi wenye nati ukawa timazi yangu, na kwa mwalimu jirani nikaazima kile kipande cha nusu duara cha kupimia pembe. Nikatoa jani moja la springi, gari likashuka kidogo. Nikakata kabari mbili kwenye plau lililovunjika, nikazipiga tupa mpaka viganja vikachubuka, kisha nikatoboa kila moja tundu la kupitisha bolti ya katikati ya springi. Fundi mkuu akapita, akasema tundu la nini, kabari hugongwa tu na nyundo. Mtu mzima huyo alidhani springi ni mpini wa jembe, kwamba kadiri unavyolima ndivyo chuma kinavyokaza! Kabari yake barabara ingeitema kabla ya kutoka mjini. Nikazipachika zangu kati ya springi na ekseli, unene upande wa nyuma, ekseli ikalala inavyotakiwa. Ila ukiilaza hivyo, pua ya difu nayo inainama na shafti inazidi kukunjika, kwa hiyo nikaishusha gia boksi kwa vipande vya chuma, kidogo kidogo, mpaka vipimo vikakubali.

Nikalijaribu barabara ya Kiomboi. Kwenye kona nikaachia usukani, ukarudi wenyewe kama ng'ombe anayejua zizi lake. Nilicheka peke yangu. Fundi mkuu uso ulimshuka, na mimi nilitaka ubaki hivyo hivyo mpaka afe.

Mkubwa alifurahi, akaamuru niwe napanda gari lile kila safari, likisumbua fundi yupo. Asubuhi ya kwanza, kwenye njia panda, dereva akakata kuelekea mbuga, upande wa Issuna. Nilijua tangu siku ile ya karakana, nisijidanganye. Nilijua, nikaona kumwaibisha yule mtu ndiko kwanza.

Mbuga tukaivuka. Matope yalifika mlangoni, gari likapita.

Mama alikuwa shambani anafukuza ndege. Aliliona gari kwanza, halafu akaniona mimi nikishuka. Mkubwa akanishika bega, akawatangazia majirani kwamba fundi huyu ndiye aliyetufikisha. Nikainama nikasema, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Hilo halijawahi kunipata kabla wala baada ya siku ile. Aliyatazama magurudumu, akauliza, "Umelitengeneza wewe?"

"Ndiyo, mama."

Akaingia ndani kufunga vyombo. Mgambo tuliokuja nao wakapanda juu ya tembe wakaanza kubomoa paa. Mimi nilibeba jiwe lake la kusagia nikaliweka nyuma ya gari, na mama akapanda akakaa karibu nalo. Shambani hapakuwa na mtu, na ndege walishaanza kushuka kwenye uwele.

Wakati wa kurudi dereva aliendesha kwa mkono mmoja, akipiga mluzi, akinisifu kwa sauti ili mama asikie. Mimi kila bonde, kila kona, nilimwomba Mungu krosi ikatike. Haikukatika.