Jerikeni Isiyojaa

Mwanangu alipokaribia kupeleka mahari Gilgil, nilisema pombe ya muratina nitaitengeneza mwenyewe. Jerikeni ya lita ishirini ilipaswa kufika kwa wakwe ikiwa imejaa mpaka shingoni. Ikipungua, wazee wa huko huuliza ni nani aliyeonja kabla yao, na swali hilo huweza kula asubuhi nzima.

Jumanne nilichanganya asali kidogo, sukari na maji ya vuguvugu, nikatia yale matunda makavu ya muratina yanayochachusha, nikaifunika jerikeni kwa blanketi ndani ya stoo. Nilitaka pombe nyepesi, ya kuongelea, si ya kuangusha watu. Chupa moja ya lita mbili ya pombe hiyo niliiweka kando kwa ajili ya kupima ukali wake kwa kile kioo kinachoelea, ambacho nilijifunza kukitumia kutoka kwenye kitabu cha mitumba.

Jumatano asubuhi, povu lilipotulia, nilichora mstari wa penseli penye usawa wa pombe. Alhamisi pombe ilikuwa chini ya mstari kwa unene wa penseli yenyewe. Nilikagua sakafu: kavu. Nikapapasa mshono wa jerikeni: mzima. Nikamfikiria shemeji.

Shemeji ni kaka ya mke wangu. Alipoteza macho baada ya kunywa pombe ya kibanda fulani iliyotiwa kemikali, na tangu hapo anaishi kwetu. Chumba chake kinapakana na stoo. Siku hiyo nilikaa naye barazani akipukuchua mahindi, nikamsogelea ninuse pumzi yake. Kila fimbo yake ilipogonga upande wa stoo niliandika saa kwenye daftari. Saa tisa na dakika kumi. Saa kumi kasorobo. Choo pia kiko upande huo, lakini hilo sikuliandika.

Jioni nilinunua kufuli. Ufunguo niliutundika nyuma ya mlango wa jikoni, mahali tulipopajua mimi na mke wangu tu.

Ijumaa asubuhi kufuli ilikuwa mahali pake, na pombe ilikuwa imeshuka tena.

Nilimkuta mke wangu akichemsha chai. Ni mtu wa kanisa; sijawahi kumwona na pombe mkononi.

"Ni wewe unakunywa pombe ya mahari?"

"Ni mimi," alisema bila kugeuka. "Kikombe kimoja juzi jioni, kingine jana."

"Tangu lini wewe ukanywa?"

"Baba watoto, hicho kioo chako cha kupimia kinaweza kupofuka?"

Nilimweleza, kama nilivyomweleza mara nyingi, kwamba ya kaka yake ilitiwa kemikali ya viwandani, na yetu ni asali, sukari na maji.

"Hata yeye aliambiwa ni sukari na maji." Ndipo akageuka. "Kesho unawanywesha wazee wa watu. Nilitaka kujua mapema, na nijue kwa macho yangu, si kwa ya wageni."

"Na sasa?"

"Sasa naona. Hata hilo shati umelifunga vifungo kombo."

Nilifungua vifungo nikavifunga upya. Nilichukua ufunguo nikaenda kuitoa kufuli. Shemeji alikuwa ameshakaa barazani na sinia lake la mahindi.

"Shemeji, hiyo kufuli ni mpya," alisema. "Imelia jana, imelia leo. Umemshika mwizi?"

"Hakukuwa na mwizi."

"Na daftari nalo? Penseli yako inakwaruza sana."

Niliingia stoo. Nilimimina ile chupa ya kupimia ndani ya jerikeni mpaka pengo likazibika. Iliyobaki chupani ilitosha vikombe viwili. Nikavitoa barazani, nikamwekea kimoja mkononi.

Hakukiinua. Kwetu anayeleta pombe huinywa kwanza, mbele ya macho ya anayeletewa.

"Wewe kwanza," alisema.

Nikanywa, nikimeza kwa nguvu ili asikie koo langu. Alingoja, kichwa kikiwa kimeinama upande wangu, mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha mkono akashika kikombe changu, akaingiza kidole ndani hadi chini, akahakikisha kuwa ni kitupu. Ndipo akanywa.