Kiitikio cha Muuza Balbu

Nilichokiona kwanza kwake ni kisigino: kilianza kugonga chini kabla mpiga ngoma hajashika vijiti. Anauza balbu sokoni Kikuubo, na kila tamasha la roki huja nasi, mimi na rafiki yangu Aol, vumbi la maboksi likiwa bado mikononi. Gitaa likianza, hufumba macho na kuyumba polepole kama mtu anayeelea majini. Wimbo tuupendao, wa kilima cha Lubaga, una kiitikio, "Rudi, rudi Lubaga." Yeye huimba "Ludi, ludi Rubaga," kwa sauti nene isiyojificha.

"Ssebo, bwana, umegeuza kila kitu," Aol humtania.

"Nyinyi imbeni yenu. Mimi naimba ya Rubaga."

Jumamosi iliyopita mwimbaji alimsikia, akasimamisha bendi. Muuza balbu akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili, nami nikaogopa kwamba hataimba tena. Mwimbaji akainama ukingoni mwa jukwaa. "Bosi, wiki ijayo utaimba huku juu. Hivyo hivyo." Tangu siku hiyo, akijaribu balbu moja moja dukani, hunong'ona kiitikio chake, na kila inapowaka hutabasamu. Ila ametuomba tusimwache aimbe peke yake. Tamasha ni kesho, na mimi na Aol tumeshajifunza: Ludi, ludi Rubaga.