Mpwa wangu alizaliwa mdomo umepasuka: swali moja la watafiti lilivyomwokoa dada yangu

Hapana mkuu. Wewe uliyeandika kwenye ule uzi mwingine kwamba watafiti wanawapiga picha watoto wenye midomo iliyopasuka wakaziuze, nakujibu hapa, na wakuu wengine wasome. Siongezi chumvi, nilikuwepo.

Hata mimi niliwaza kama wewe. Tena nilitaka kupigana.

Dada yangu Resti ameolewa Masakta. Akajifungua mtoto wa kiume, mdomo wa juu umeachana mpaka puani. Akinyonya, maziwa yanatokea puani. Mtoto analia njaa, mama naye analia.

Mama mkwe wake akatangazia majirani: "Huyu alimcheka kilema akiwa na mimba." Akasema mtoto akifa, Resti arudi kwao. Shemeji anaangalia ng'ombe wake tu.

Nilipopigiwa simu nilitoka Katesh na pikipiki, hata chai sijanywa. Shikamoo nilitoa, heshima ni heshima, lakini nilikuwa nawaka.

Tukampandisha Resti na mtoto basi la kwenda hospitali ya Haydom. Mama mkwe akang'ang'ania kuja. Alitaka daktari aseme mwenyewe kosa ni la nani.

Kwanza muuguzi alimfundisha Resti kukamua maziwa na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, amemkalisha wima. Siku hiyo ndiyo nilimwona mpwa wangu akilala ameshiba. Aisee, nilitoka nje nikajifanya naongea na simu.

Kesho yake akaja mtafiti, binti tu wa rika langu, ana fomu, kamera na utepe wa kupimia kichwa. Wanafanya research, wanatafuta kwa nini watoto wanazaliwa hivi.

Nikasimama. "Hakubali!"

Akaniangalia. "Kaka, wewe ndiye mama wa mtoto?"

Wodi nzima ikacheka. Akamgeukia Resti, akamwambia anaweza kukataa na matibabu yataendelea vilevile, na picha haiendi popote bila ruhusa yake. Resti akasema, "Nakubali."

Mimi nikakaa.

Maswali yakaanza. Upande wa mama, kuna aliyezaliwa hivi? Hakuna. Upande wa baba?

Resti hajui. Mama mkwe akaangalia sakafu, halafu akasema polepole: "Wa kwangu wa kwanza. Wa kike. Alishindwa kunyonya, akafa. Na mimi waliniambia nilimcheka mtu."

Hata shemeji hakuwahi kujua alikuwa na dada.

Nilikuwa na maneno nimemwandalia yule mama toka Katesh. Yote yaliisha.

Mtafiti akaweka kalamu chini. "Pole mama. Hukukosea kitu. Na Resti hakukosea kitu. Sababu yenyewe bado tunaitafuta, ndiyo maana tunauliza."

Mama mkwe akampakata mtoto, akaomba kikombe. Ndiye aliyemnywesha mpaka akafikisha uzito wa kufanyiwa upasuaji. Mdomo umeshonwa vizuri, umebaki upasuaji wa kaakaa ndani ya mdomo, tumepewa tarehe. Mchokozi huyo, anacheka na kila mtu!

Nilichojifunza: ningeshinda ubishi wangu pale wodini, lile swali lisingeulizwa, na Resti leo angekuwa kwetu na lawama zake. Nawashukuru wale watu mpaka naingia kaburini. Atakayewatukana humu, aanze na mimi.

Comment mnavyotaka. Ila wewe mkuu uliyebisha, nijibu hili kwanza: kwenu ni mtoto gani mlimzika kimya, mkamtupia mama yake lawama?